Saa Kumi, Nyuzi Nne

"Yulisa! Yulisa, hampuy! Turudi nyumbani, mwanangu, usiogope!"

Fortunata Ccahuana alisimama katikati ya chumba cha chanjo, kofia ndogo ya sufu ya mwanawe mkononi, akiipitisha juu ya kiti, juu ya mizani, juu ya ndoo ya sindano zilizotumika. Kila alipoita alinyamaza akasikiliza. Ilikuwa mara ya tatu anakuja. Pale Wayllapata, kijijini milimani, hakuna asiyejua kwamba mtoto akishtuka sana roho yake humtoka ikabaki palepale aliposhtukia, na mwili ulioachwa huendelea kutembeatembea siku kadhaa, halafu ukachoka. Dawa yake ni moja tu. Mama anachukua nguo ya mtoto, anakwenda mahali penyewe, Jumanne au Ijumaa alasiri, anaiita roho. Hampuy, rudi. Ikisikia inaingia kwenye nguo, nguo inakuwa nzito kidogo, na mama anaondoka nayo bila kugeuka nyuma.

Fortunata aliipima kofia kwa kiganja, akatikisa kichwa.

"Haimo humu," alisema. "Nesi, una hakika ni hapa?"

Nesi Nélida Pariona alikuwa mlangoni, funguo za kituo mkononi. "Ndipo tunapochomea, Mama Yulisa. Kila mtoto anachomwa hapa."

Hakusema uongo, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Dakta Abel alipita koridoni na kikombe cha chai. Alikuwa kijana wa pwani, aliyeletwa kutumikia mwaka wake wa vijijini, na tangu afike hakuna aliyewahi kumwona bila jaketi. "Mama Yulisa," alisema, "ukimaliza hapo niitie na yangu. Roho yangu mimi niliiacha Lima mwezi wa pili."

"Ya kwako, dakta, imekaa na wasichana," Fortunata alijibu bila kugeuka. "Haiwezi kusikia kofia."

Abel akacheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akaelekeza kikombe kwenye mlango wa stoo, uliokuwa wazi na umezuiwa kwa jiwe. Upande wa ndani wa mlango ule palikuwa na bango la kunawa mikono, limebandikwa chini kabisa, usawa wa goti. "Na wewe Nélida, bango lile nalo! Unawafundisha mbwa kunawa?"

"Ni la watoto."

"Watoto wa usawa ule wameanza kusoma lini?"

Fortunata alitabasamu kidogo. Nélida naye alicheka, ila alichelewa, wenzake walikuwa wameshamaliza.

Sasa niseme kilichotokea, maana Nélida mwenyewe alikuwa amekiandika mara nne, na mara zote nne hakukisema.

Ilikuwa mwezi wa tatu, siku ya pili ya kampeni ya chanjo. Watoto sitini kwa siku mbili, ndivyo karatasi ya wilaya ilivyotaka, na foleni ilikuwa imefika hadi barabarani. Yulisa ana miaka minne. Zamu yake ilipofika alimng'ata Nélida kifundo cha mkono, akapiga teke boksi la barafu, chupa zikabiringika sakafuni, na wanawake wote kwenye foleni wakaangua kicheko. Miaka kumi na moja nesi msaidizi, halafu unachekwa na foleni nzima! Nélida alimbeba mtoto kwapani mpaka stoo, kile chumba kisicho na dirisha ambamo friji la chanjo linakaa. "Kaa humu dakika mbili," alimwambia, "tuone kama utaning'ata tena." Akazungusha ufunguo. Ilikuwa saa tisa kasorobo. Fortunata alikuwa nje kwenye benchi na mwanawe mdogo mgongoni. Nélida alimwambia, "Anatulizwa ndani, subiri hapo."

Dakika mbili zilipita. Kukaja mtoto mwenye homa, kukaja karatasi za kujaza, kukaja mama aliyepoteza kadi. Saa kumi kamili, kama kila siku ya Mungu, Nélida alikwenda kusoma kipimajoto cha friji, kwa sababu kila asubuhi saa mbili na kila jioni saa kumi lazima kisomwe na namba iandikwe. Alifungua mlango. Mtoto alikuwa amejibana kati ya friji na maboksi ya sindano, viganja vyote viwili masikioni, miguu imelowa mkojo. Hakulia. Nélida alimrudisha chumba cha chanjo, akampangusa kwa pamba, akamchoma, mtoto akiangalia ukuta. Kwenye rejista akaandika: ametulia. Kwenye karatasi ya friji akaandika: saa kumi, nyuzi nne. Ile nne ikatoka na mkia mrefu mpaka kwenye mstari wa kesho yake.

Kisha akamtoa mtoto nje kwa mama yake. "Hongera," alisema. "Mtoto mzuri, hata hakulia."

Fortunata alifurahi. Alimvalisha kofia, akamshukuru nesi, akaondoka akimsifu mwanawe njia nzima.

Asubuhi yake Nélida aliona mikwaruzo kwenye mlango, upande wa ndani, mistari minne na minne mingine, rangi ya kijani imekwanguliwa hadi ubao mweupe. Siku hiyohiyo akabandika bango. Siku hiyohiyo pia akatafuta jiwe, na tangu hapo mlango wa stoo haukufungwa tena mchana. Lakini mara mbili kila siku ilibidi aingie. Friji lile lina mlio, linanguruma, halafu linazima ghafla, na katika ule ukimya wa baada yake alisikia kucha. Alijua si kitu. Mtu mzima, amesoma, anajua chuma kikipoa kinalia. Hata hivyo alikuwa anageuka kila mara kutazama nyuma ya friji kabla ya kuandika namba yake, na namba zake za miezi hiyo zimepinda zote.

Kila Jumamosi Nélida alishuka mjini Huamanga, mwendo wa saa nne kwa gari, kusomea unesi kamili. Alibakiza kazi moja tu ya kuandika, ile ya daftari la tafakari: chagua siku moja kazini iliyokubadilisha, eleza kilichotokea, ulichohisi, utakachofanya siku nyingine. Bila kazi hiyo, hakuna mafunzo ya hospitali, na bila mafunzo hakuna cheti. Alichagua siku ya kampeni. Kwa nini, hata yeye hakujua. Angeweza kuchagua siku yoyote. Aliandika kwamba amejifunza umuhimu wa mawasiliano na familia ya mgonjwa, na kwamba mazingira rafiki humsaidia mtoto kupokea huduma. Mwalimu Zoraida, mama aliyefanya unesi miaka thelathini mpaka magoti yakakataa, alilirudisha mara nne. Mara ya mwisho aliandika chini kwa kalamu ya kijani: *Mtoto yuko wapi humu? Na wewe ulikuwa wapi?*

Nélida alimfuata koridoni. "Mwalimu, samahani, mbona wenzangu umewapitisha? Kuna aliyeandika alikosea dripu, umempitisha."

"Kakosea dripu, kaandika kakosea dripu."

"Na mimi nimeandika changamoto zangu."

"Mwanangu, wewe jambo lako umelivisha suti na tai, hata halitambuliki." Mwalimu aliegemea ukuta kupumzisha goti. "Mimi sitaki kulijua. Sikuombi uniungamie. Nimekuuliza swali, jibu swali. Jumamosi ijayo ndiyo mwisho, baada ya hapo nafunga orodha."

Basi wiki ile ya mwisho ndipo Fortunata alipokuja Jumanne, na kofia haikuwa nzito.

Alirudi Ijumaa, safari hii na Yulisa mwenyewe mgongoni kama kichanga, ili apimwe uzito kwanza. Nélida alimweka mtoto kwenye mizani. Mwezi wa tatu alikuwa kilo kumi na nne. Sasa kumi na mbili na nusu. Dakta Abel alikuwa amepeleka sampuli zote mjini kupimwa, damu safi, mkojo safi, minyoo hamna. Nélida aliweka nukta kwenye kadi, akaiunganisha na ya nyuma, mstari ukashuka tena. Aliuchora mwenyewe kwa rula.

"Anakula?"

"Supu, vijiko vitatu. Viazi anavitazama tu." Fortunata alimfunga mtoto kwa shali yake ya sufu. "Neno hasemi. Na usiku, nesi, sielewi, analala kaziba masikio. Mikono yote miwili, hivi. Nikiitoa anairudisha. Nauliza, kelele gani? Nyumbani kwangu kuna kuku tu."

Nélida alikuwa ameshika rula. Nyuma yake, ng'ambo ya ukuta, friji lilikuwa linanguruma.

Shangazi yake Yulisa alikuja kumchukua mtoto, akaenda naye nyumbani, kwa sababu mwili hautakiwi kuwepo roho inapochukuliwa. Fortunata akabaki na kofia.

"Leo ndiyo ya mwisho," alisema. "Shangazi anasema ikiitwa mara nne isije, basi imeshazoea. Ikishazoea mahali..." Akaingia chumba cha chanjo, akavuta pumzi. "Yulisa! Yulisa, hampuy!"

Aliita kwenye kiti. Aliita kwenye mizani. Nélida alisimama mlangoni akiwaza mambo ya kijinga, kwamba nesi aliyekuwepo kabla yake alifokea wajawazito, mkutano wa kijiji ukakaa Jumapili, na Jumatatu mizigo yake ikakutwa barabarani na godoro juu. Aliwaza miaka kumi na moja. Aliwaza kalamu ya kijani. Nimeishi na watu hawa, na nakwambia, alikuwa na sababu ya kuogopa. Fortunata aliita chini ya meza, sauti imeanza kukwaruza, na pale alipopiga magoti kuangalia chini ya kabati, kama mtu anayetafuta kuku aliyetoroka, Nélida hakuweza tena.

"Mama Yulisa. Siyo humu."

"Nini siyo humu?"

"Hakushtukia humu. Njoo."

Alimpeleka hadi mlango wa stoo. Akachuchumaa, akaingiza kucha chini ya bango, akalivuta. Gundi ilikuwa imekauka, likatoka vipandevipande, mikono ya kuchorwa na sabuni ya kuchorwa, mpaka mistari yote ikaonekana.

Fortunata aliinama. "Hii ni nini?"

"Kucha."

"Za nani?"

Nélida aliitazama tu ile kofia.

"Ulimfungia," Fortunata alisema.

"Nilimfungia. Alining'ata, watu wakanicheka, nikamfungia. Nilisema dakika mbili."

"Zikawa ngapi?"

"Kutoka saa tisa kasorobo mpaka saa kumi." Alikunja kipande cha bango vidoleni. "Kazi zilikuwa nyingi. Nikamsahau."

"Ukamsahau! Kama mwavuli." Fortunata aligusa mistari ile kwa vidole, akiipima, kidole kwa kidole. "Na mimi niko hapo nje, kwenye benchi. Nikawa najiuliza, mbona halii leo? Nikasema ona, mwanangu amekua. Nilijisifu, nesi. Ukaja ukaniambia mtoto mzuri."

"Nilikwambia."

"Nikakushukuru."

"Ndiyo."

Mkono wenye kofia uliinuka. Nélida hakurudi nyuma, alifumba macho tu. Kofi halikuja.

"Ningekupiga," Fortunata alisema, machozi yanamtoka na hayafuti. "Ningekupiga hadi uchoke. Lakini mkono huu una kazi. Jumapili kuna mkutano. Nitasimama nitasema."

"Sema."

"Na wewe utakuwepo."

"Nitakuwepo."

Dakta Abel alikuwa amesimama mwisho wa koridoni na kikombe chake. Aliweka kikombe dirishani taratibu, akaenda kukaa na wagonjwa wake wawili waliobaki.

Fortunata aliingia stoo. Aliangalia friji, maboksi, ule upenyo mwembamba katikati. Akajikunja akaingia humo, mtu mzima na sketi zake zote tatu, mpaka magoti yakagusa kidevu.

"Toa jiwe," alisema. "Funga."

"Mama Yulisa, hakuna taa humo."

"Alikuwa na taa yeye?"

Nélida alisukuma jiwe kwa mguu, akaurudisha mlango.

"Kwa ufunguo," sauti ilisema kutoka ndani. "Au siku ile ulifunga kwa kamba?"

Akazungusha ufunguo. Akabaki pale, kiganja kwenye ubao. Friji lilinguruma, halafu likazima. Katika ule ukimya Nélida alimsikia Fortunata akipumua. Alisikia sketi zikisugua boksi. Alisikia akimeza mate.

"Yulisa," Fortunata aliita, polepole, kama anaamsha mtu. "Yulisa wangu. Ni mimi. Nilikuwa nje tu hapo. Hampuy, mama yako amekuja, hampuy."

Kila neno lilisikika. Mlango ule ni ubao wa kidole kimoja, hata mnong'ono unapita. Na hapo ndipo Nélida alipokumbuka. Siku ile alipita koridoni hapa mara tatu. Mara ya kwanza mtoto alikuwa anapiga kelele. Mara ya pili alikuwa anaita, nesi, nesi, nesi nimeacha. Mara ya tatu alikuwa anakwangua. Na yeye, kadi mkononi, akasema moyoni, *acha ajifunze*, akaendelea na safari yake. Miezi mitatu alikuwa amejiambia kwamba alisahau. Ndiyo maana lile neno lilikuwa limekaa tayari mdomoni, limelainika kwa kutumiwa, likatoka bila shida hata mbele ya mama wa mtoto mwenyewe.

Fortunata aligonga. Nélida alifungua, ufunguo ukampiga chenga mara mbili kabla ya kuingia.

"Nilimsikia," alisema kabla yule mwingine hajatoka. "Siku ile. Sikusahau. Nilipita hapa mara tatu, nikamsikia, nikapita. Alisema nesi, nimeacha. Nikapita."

Fortunata alijitoa kwenye ule upenyo, vumbi kichwani, ametazama chini. Friji lilianza kunguruma tena. Kisha akaweka kofia kwenye kiganja, akaipima. Hakusema kama ilikuwa nzito. Aliifunga ndani ya shali yake, kifuani, kwa mikono miwili.

"Shangazi kaondoka," alisema. "Anatakiwa mtu wa kutembea nyuma yangu. Mimi naita, yeye anaitikia kwa niaba ya mtoto. *Naja, mama.* Mpaka mlangoni kwangu, wala hageuki. Twende."

"Mimi?"

"Ulimsikia akiita ukanyamaza. Leo utaitikia."

Basi wakatoka. Ilikuwa saa kumi, au imepita kidogo, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja hakuna aliyesoma kipimajoto. Stoo ilibaki wazi, ufunguo ukining'inia kwenye kitasa, na daftari lake lilibaki mezani, swali la kijani likiwa juu. Gari la mjini lingeondoka alfajiri. Fortunata alitangulia, kofia kifuani, Nélida hatua tano nyuma na sare yake nyeupe.

"Yulisa, hampuy!"

"Naja, mama."

Sauti ilimtoka ndogo, ya aibu. Wanawake wawili waliokuwa wanachimba viazi kando ya njia walisimama. Mmoja alivua kofia yake. Walimjua nesi, na walijua maana ya mtu kutembea nyuma hivyo. Kufika jioni kijiji kizima kingekuwa kinajua.

"Yulisa, hampuy! Usiogope!"

"Naja, mama!"

Walivuka daraja la magogo. Pale mto unapiga kelele, ikabidi apaze. Baada ya daraja, kokoto zilianza, na kati ya hatua zake mwenyewe alisikia hatua nyingine, nyepesi, fupifupi, zinazokimbia kidogo ili zisiachwe. Kila kitu mwilini mwake kilitaka kugeuka. Miezi mitatu alikuwa amegeuka kila mara, na kila mara hakukuwa na kitu. Alikaza shingo, akatazama mgongo wa Fortunata, akapunguza mwendo.

"Yulisa, hampuy!"

"Naja, mama! Naja!"

Nyumba ilionekana baada ya kona, moshi unapita kwenye nyasi za paa. Shangazi alikuwa ameacha mlango wazi kabisa, kama inavyotakiwa. Yulisa alikuwa amekaa kizingitini, bakuli la supu miguuni, viganja vyote viwili masikioni, anatazama kuku.

Fortunata alisimama hatua kumi kutoka pale. Aliita mara ya mwisho, na sauti ilimkatika katikati ya jina.

Nélida alijaza kifua hewa, akaitikia kwa nguvu zake zote, kuku wakatawanyika.

Mtoto aliinua uso. Aliwatazama wote wawili, halafu akatazama nyuma yao, chini kidogo, kwenye njia. Mkono mmoja ukashuka kutoka sikioni, ukatulia pajani, umefunguka.